Gloria Monty na tamthilia iliyokuwa inakufa: tunaotaka kutengeneza yetu hapa Mwanza tuisome kazi yake

Mleta uzi

Wakuu, salaam kutoka Kirumba.

Vijana wengi hapa jijini wanataka kuongoza tamthilia, na kila nikikaa nao mazungumzo yanaanzia kwenye kamera. Nani ana kamera nzuri, nani ana droni, lenzi ya nani inaweza kuazimwa. Leo naomba kamera tuiweke pembeni. Nataka tumzungumzie mwanamke mmoja wa Marekani, Gloria Monty, mwongozaji na mtayarishaji wa tamthilia aliyefariki mwaka 2006. Ukiifuata kazi yake tangu mwanzo utayakuta karibu mambo yote tunayoyakosa sisi wa kanda ya ziwa, na mengi kati ya hayo hayauzwi dukani.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa wa kazi yenyewe. Tamthilia ya siku tano kwa wiki inakula sehemu 260 kwa mwaka. Ukitoa matangazo, sehemu ya nusu saa inabaki na dakika kama 22. Zidisha upate dakika 5,720. Hizo ni filamu 57 za dakika mia moja moja ndani ya mwaka mmoja, na Januari unaanza upya. Wenzetu wameibeba kazi hiyo tangu enzi za redio. Guiding Light, iliyobuniwa na Irna Phillips, mwalimu aliyeingia kwenye uandishi, ilianza redioni 1937, ikaingia kwenye televisheni 1952, ikafungwa 2009. Miaka 72! Bili ililipwa na watengenezaji wa sabuni kama Procter & Gamble, waliotaka kuwafikia akina mama waliokuwa nyumbani mchana. Anayeongoza kitu cha namna hiyo hawezi kusubiri hisia zimjie ndipo afanye kazi. Asubuhi ikifika, watu hamsini wanamwangalia yeye.

Monty alitokea kwenye maigizo ya jukwaani. Kisha akawa mwongozaji wa The Secret Storm ya kituo cha CBS, iliyoanza 1954. Mwanzoni ilikuwa ya dakika 15 tu na ilirushwa moja kwa moja. Mwigizaji akisahau maneno, nchi nzima imeona. Mlango wa seti ukigoma, mwongozaji anaamua sekunde hiyohiyo kamera ipi imfuate nani. Alikaa kwenye kiti kile miaka mingi. Sehemu hii ya maisha yake haisimuliwi sana, lakini naiona ndiyo iliyomtengeneza: siku baada ya siku, hadithi ileile, saa ileile, bila nafasi ya kurudia.

Mwaka 1978 kituo cha ABC kikamkabidhi General Hospital kama mtayarishaji mkuu. Tamthilia hiyo ilikuwa hewani tangu 1963, na wakati huo watazamaji walikuwa wamepungua kiasi kwamba wakubwa walikuwa wanafikiria kuizika. Wakaiongeza muda hadi saa nzima, wakampa mama huyu nafasi ya kuiokoa.

Alifanya nini? Alizikataa sehemu zilizokwisha kurekodiwa, akazirekodi upya. Fikirieni ujasiri huo: umeingia kazini jana, pesa imeshatumika, na wewe unasema hizi haziendi hewani. Kisha akaanza kukata. Sini ndefu za watu wawili wameketi wanaongea kuhusu mtu wa tatu ambaye hatumwoni akazipasua vipande vifupi. Akabadilisha taa, zikawa na kivuli na rangi kama za filamu. Akawafanya waigizaji watembee wakati wanaongea. Pamoja na mwandishi mkuu Douglas Marland akawasogeza mbele wahusika vijana, ili wanafunzi nao wapate wa kumfuatilia. Miaka michache baadaye General Hospital ilikuwa inaongoza tamthilia zote za mchana. Harusi ya wahusika wake Luke na Laura, iliyorushwa Novemba 16 na 17, 1981, iliangaliwa na watu wapatao milioni 30, na hakuna tamthilia ya mchana ya Marekani iliyowahi kufika hapo tena. Nyota wa filamu Elizabeth Taylor mwenyewe aliomba kuigiza ndani yake.

Hoja yangu ni hii. Mambo yale hayakuwezekana kwa sababu tu Monty alikuwa mwongozaji mzuri. Yaliwezekana kwa sababu alikuwa mwongozaji aliyepewa mamlaka ya mtayarishaji: bajeti, waandishi, ratiba na uteuzi wa waigizaji vyote vilipita mezani kwake. Mwongozaji anapanga sini. Mtayarishaji anapanga mwaka. Sisi hapa tunamfundisha kijana la kwanza, la pili tunamwachia Mungu.

Karibuni tujadili.

Nyakahoja

Mkuu umeandika kitu kizito, lakini wenzetu wana studio. Kamera tatu zinarekodi kwa pamoja, mwongozaji yuko chumba cha juu anaita "kamera mbili, kamera moja" na sehemu nzima inaisha kwa siku. Sisi tunakodi sebule ya mtu Nyegezi, kamera moja, umeme ukikatika tunakaa nje tukimsubiri fundi. Utamlinganishaje Monty na kijana wa Buhongwa?

Mleta uzi

Mkuu Nyakahoja, ndiyo maana nimesema tuanze na mfumo. Mwenye kamera moja ndiye anayeuhitaji zaidi.

Chukua hiyo sebule ya Nyegezi. Ukiikodi ili upige sini mbili za sehemu ya kwanza, wiki ijayo urudi kwa sini mbili za sehemu ya pili, utamaliza pesa kabla ya mwezi kwisha. Wanaojua kazi hii wanapiga sini zote za sebule ile kwa mkupuo, za sehemu kumi au zaidi, kisha wanahama. Asubuhi mama mwenye nyumba anamkaribisha mkwe, saa tano anamfukuza, saa nane ameshafiwa na mume, jioni anarudi kuwa na mume kwa sababu hiyo ni sini ya sehemu ya tatu. Mwigizaji anahitaji mtu wa kumwambia kabla ya kila sini: hapa bado hujajua kwamba binti yako ana mimba, hapa umejua jana, hapa umeshamsamehe. Huyo mtu ni mwongozaji, na hawezi kuyajua hayo kama skripti za sehemu zote kumi hazijakamilika siku ya kwanza.

Hapo ndipo kazi zetu nyingi zinapovunjika. Tunaenda lokesheni na skripti ya sehemu mbili na "nyingine tutaandika mbele ya safari". Halafu kitenge. Anaingia mlangoni na kitenge cha bluu, anatokea chumbani na cha njano, kwa sababu sini hizo mbili zimepigwa wiki tofauti na hakuna aliyeandika popote alivaa nini. Mtazamaji wa Igoma ataona. Akina mama wanaona kila kitu. Mpe binti mmoja makini daftari na simu, kazi yake iwe hiyo tu: picha ya kila mwigizaji kabla na baada ya kila sini, nywele, hereni, kikombe kilikuwa mkono gani. Hiyo ni ajira ya bei nafuu kuliko lenzi, na inaokoa zaidi.

Kuhusu umeme nakubaliana nawe. Ila sini za nje tunazo nyingi kuliko mtu yeyote. Kinachotusumbua kule ni sauti. Upepo wa ziwa ukianza kuvuma mchana, maiki isiyo na manyoya yake inakuletea mngurumo mtupu. Piga asubuhi na mapema ziwa likiwa limetulia, mchana ingieni ndani.

Binti Malimbe

Shikamoo kaka. Nilisoma mawasiliano ya umma pale chuo kikuu cha SAUT na tamthilia ndiyo ndoto yangu, kwa hiyo nimeusoma uzi wako mara mbili. Lakini hiyo harusi ya Luke na Laura umeisimulia nusu. Hadithi yao ilianza mwaka 1979 kwa Luke kumbaka Laura. Baadaye wakaigeuza mapenzi, na nchi nzima ikashangilia harusi. Hilo nalo lilipita mezani kwa Monty. Kama mamlaka yote ni ya mtayarishaji, basi na lawama ni yake.

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, na umegusa penyewe. Nakuunga mkono neno kwa neno. Wahusika wale walipendwa, watazamaji wakaongezeka, na namba zikaamua hadithi. Tamthilia yenyewe ililirudia jambo lile miaka mingi baadaye, mwaka 1998, ikawakalisha wahusika kulizungumza kama ubakaji. Kwa miaka yote ya katikati, msichana aliyekuwa akiangalia nyumbani alikuwa ameshafundishwa kitu kibaya.

Ndiyo maana nasema hii kazi si ya kuachiwa mtu yeyote mwenye mtaji. Filamu inakaa na mtu saa mbili. Tamthilia inakaa naye miaka, inakula naye chakula cha usiku. Mtayarishaji lazima ajiulize mapema huyu mhusika nampeleka wapi, na mtu anayemwangalia ataondoka na nini. Kuna waliolijibu swali hilo vizuri kuliko Wamarekani. Miguel Sabido wa Mexico, miaka ya 1970, alitengeneza tamthilia za Televisa zenye wahusika wa aina tatu: wema, wabaya, na wale wa katikati wanaoyumba. Watazamaji hujiona kwa hao wa katikati. Ven conmigo, iliyoanza 1975, ilihusu watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika, na watu wakajitokeza kwa wingi kujiandikisha masomoni.

Na mbinu hiyohiyo ilifika kwetu.

Mzee wa Igoma

Unataka kusema Twende na Wakati! Vijana wa leo hamuwezi kujua. Mchezo wa redio, Radio Tanzania, 1993. Nilikuwa naendesha gari la mizigo wakati huo, na huyo Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo. Tulikuwa tukisimama mahali, redio inawashwa, watu wote kimya. Mkwaju alipoanza kuumwa, wenzangu wawili hawakumaliza chakula chao. Mke wake Tunu alipoanza biashara yake mwenyewe, akina mama walishangilia kama wamefunga goli. Mambo ya UKIMWI tulikuwa tumeambiwa na madaktari mara nyingi, lakini Mkwaju tulikuwa tunamfahamu.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa ushuhuda huu, unazidi vitabu.

Niongezee kwa vijana: mchezo ule ulipoanza haukurushwa Dodoma kwa makusudi, ili watafiti walinganishe wasikilizaji wa mikoa mingine na wale ambao hawakuusikia. Matokeo yalionesha kwamba waliousikia walibadilika zaidi, katika uzazi wa mpango na katika kujikinga na UKIMWI. Kwa hiyo mtu akikwambia tamthilia ni burudani ya akina mama tu, mwambie Tanzania ni mojawapo ya nchi ambako nguvu yake imepimwa.

Kamanga Feri

Wakuu, mimi nina swali la pesa. Hata tukiwa na mfumo, nani analipa? Vipaji vyote vinahamia Dar. Marehemu Kanumba alikuwa mtoto wa Shinyanga hapo jirani, ilibidi aende Dar, akapitia kundi la maigizo la Kaole ndipo nchi ikamjua. Vituo vikubwa vinavyonunua viko kule.

Mleta uzi

Ni kweli kaka, na Kaole ni mfano mzuri. Kundi lile lilikuwa kwenye ITV wiki baada ya wiki, na humo wakakomaa Kanumba, Ray na wengine wengi. Kilichowakuza ni ile kurudi kazini kila wiki, kama Monty na The Secret Storm.

Leo wanunuzi wapo kuliko wakati ule. Chaneli ya Maisha Magic Bongo ya DStv inanunua, Azam nao wana Sinema Zetu. Lamata yuko mbele yetu pale na tamthilia yake Jua Kali, mwanamke anayeongoza na kutayarisha mwenyewe. Na tusisahau Star TV makao yake ni hapahapa Mwanza. Mnunuzi hanunui sehemu moja nzuri. Anataka kuona kwamba sehemu ya arobaini itafika kwa wakati na ubora wake haujashuka. Ukimpelekea sehemu ya kwanza inayong'aa bila mpango wa zile thelathini na tisa, umempelekea wasiwasi.

Pesa ikija, andikianeni. Afrika Kusini mwaka 2014 waigizaji 16 wa Generations waligoma kuhusu malipo na mikataba, wakafukuzwa wote kwa pamoja, na tamthilia iliyokuwa inaangaliwa na mamilioni ikasimama kwa muda. Ilirudi Desemba mwaka huohuo kwa jina jipya. Mfundi Vundla alikuwa ameijenga tangu 1993. Kama kazi kubwa kama ile iliweza kupasuka kwa sababu ya mikataba, sisi tunaolipana kwa ahadi na soda tutapona vipi? Hapa Mwanza nimeona kundi zuri likivunjika katikati ya sizoni kwa sababu ya nauli za waigizaji. Nauli!

Na vibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya tangu 1976, Bodi ya Filamu ipo, omba kibali kabla ya kupiga. Hilo halina mjadala mrefu.

Mama Dagaa Mwaloni

Nami nichangie japo sijui mambo ya kamera. Nauza dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotua. Mnakuja pale asubuhi ambayo mitumbwi imetua na kila mtu anakimbizana na mzigo, mnasimama njiani, mnatuambia tusipite. Hamkubisha hodi kwa uongozi wa mwalo, hamkusalimia. Halafu kwenye hiyo picha yenu muuza dagaa amepaka kucha na kashika ungo kama sinia la harusi. Mkitaka kutuigiza njooni wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mwezi ukiwa mkubwa, taa zao hazivuti dagaa. Siku hizo tupo, tuna nafasi, tutawafundisha hata kushika ungo.

Mleta uzi

Mama yangu, shikamoo. Umenipa kitu ambacho hakuna chuo kingenipa, na naomba kila anayesoma uzi huu akisome tena.

Wakuu, hebu oneni alichokisema. Uvuvi wa dagaa una kalenda yake. Giza likiingia, taa zinawashwa ziwani, pesa inazunguka, mikopo inalipwa, wanaume hawalali nyumbani. Mbalamwezi ikija, mitumbwi imelazwa, nyavu zinashonwa, waume wako nyumbani na madeni yanabisha mlangoni. Kila mwezi. Mwandishi anayetafuta muundo wa tamthilia isiyokwisha ameshawekewa tayari: wiki za giza hadithi inakimbia, wiki za mbalamwezi watu wanakaa chini na siri zinatoka. Hata ratiba ya kupiga inajipanga, kwa sababu mwalo unapokuwa mtulivu ndipo tunakaribishwa.

Julia Smith wa BBC na mwandishi Tony Holland, walipokuwa wanaanzisha tamthilia ya EastEnders iliyoingia hewani Februari 1985, walijitenga kisiwani Lanzarote wakaandika maisha ya wahusika wao kabla ya kuandika sehemu yoyote: katoka wapi, anamchukia nani, anaficha nini. Krismasi ya mwaka 1986 watu zaidi ya milioni 30 wakaangalia. Na sisi tunacho kisiwa, feri ya Ukerewe ipo. Waandishi watatu wakae kule na madaftari.

Au waende Bujora, pale Kisesa, wakati wa sherehe ya ngoma ya Bulabo mwezi Juni, wawaangalie Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma. Uhasama wa vyama viwili vya ngoma, ulioanza na waganga wawili mahasimu tangu karne ya 19, na hadi leo uwanja unajaa watu wanaotoka upande mmoja kwenda mwingine kulingana na nani kaja na mbinu mpya. Wale manju, viongozi wa ngoma, wanajua kumzuia mtazamaji asiondoke kuliko mtayarishaji yeyote ninayemfahamu.

Binti Malimbe

Kaka, nimeanza. Usiku huu nimeandika kurasa nne za mhusika mmoja. Ni mama wa miaka 45, ana mitumbwi mitatu aliyoachiwa na marehemu mumewe, shemeji zake wanaitaka. Ana binti anayesoma chuo na hataki kabisa ajue harufu ya dagaa. Naona ni mhusika wa katikati, kama wale wa Sabido. Nimekwama kwenye sehemu ya pili.

Mama Dagaa Mwaloni

Mitumbwi mitatu ni mingi kwa mjane aliyezungukwa na mashemeji. Mpe miwili, na mmoja uwe umekodishwa kwa mtu asiyelipa.

Mleta uzi

Msikilize mama, punguza mtumbwi. Kisha niambie: taa zake alizinunua kwa mkopo wa nani, na huyo mtu anadai lini, giza au mbalamwezi?